Herufi za Mtu wa Busawe

Mimi ni mtoto wa nyumba ntobhu. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akatoa ng'ombe wake akamwoa mama yangu, ili apate wajukuu wa kurithi boma. Mwanamume aliyemzalisha mama alitoka Busawe, akaja akaenda. Kwetu Genkuru mtu wa namna hiyo si baba, na kumtaja ni kumvunjia bibi heshima.

Mwaka jana vidole vyangu vilianza kucheza vyenyewe. Nilisingizia uchovu. Mama akaning'ang'ania: "Mficha maradhi kifo humuumbua." Akanisindikiza hospitali mwenyewe.

"Upande wa baba yako, kuna aliyeugua hivi?" daktari aliuliza.

"Hakuna," nikajibu bila kusita. Niliwafikiria watu wa bibi, maana kwetu upande wa baba ni huo, wote wazima mpaka uzeeni. Daktari alionekana kutulia. Mama, kando yangu, alikuwa akikunja na kukunjua ncha ya khanga yake.

Tulipotoka nje ndipo aliponiambia, macho chini. "Yule wa Busawe alikufa anachezacheza hivyo hivyo. Na baba yake pia. Watu walisema ni laana."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Ananihubiria mimi habari za kuficha maradhi! Kisha tukarudi ndani, nikabadilisha jibu langu.

Damu ilipelekwa mbali. Majibu yaliporudi, daktari alinieleza polepole kwamba chembe za urithi za kila mtu ni kama maandishi, na kuna mahali ambapo herufi tatu hujirudia tena na tena, kama mtoto anayekariri silabi. Wengine wana marudio machache, wengine mengi kidogo, na hawadhuriki. Yangu yamepita mpaka, na hakuna dawa ya kuyapunguza.

"Yakipitia kwa baba," akasema, "mara nyingi hurefuka. Mtoto akiyarithi, huweza kuugua mapema kuliko mzazi wake."

Nami ni baba wa binti mmoja. Huenda amerithi, huenda hakurithi. Naogopa, wala sioni haya kusema.

Jumapili iliyopita binti yangu alituletea maji ya kunawa kabla ya ugali. Jagi likagonga beseni, maji yakamwagika mkekani. Akacheka, akasema limemteleza. Mama hakucheka. Alikuwa anamtazama vidole, huku anakunja ncha ya khanga. Alipofungua kinywa aseme, nilimkatiza, nikaomba chumvi.