Baba Aliyeimba kwa Kunong'ona

Mpaka nilipofika darasa la nne nilidhani baba yangu ana ugonjwa wa koo. Kuongea aliongea kama watu wengine, na kukoroma ndiyo usiseme, lakini akianza kuimba sauti ilizama mpaka ikabaki pumzi tupu. Siku moja nikamwuliza mama kwa nini hatumpeleki hospitali. Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. Akaniambia kwao baba wanaume huimba hivyo, na kwamba hata yeye alipoolewa alidhani kapewa mgonjwa.

Kwao baba ni Burundi. Alitoka huko angali kijana, akaja kukata mkonge kwenye shamba moja upande wa Magoma, enzi zile vijana waliletwa kwa treni na kuitwa kwa namba badala ya majina. Joto la bondeni lilimshinda. Mkataba wake ulipokwisha akapanda milima, akafika vijiji vya juu ya Lushoto, akaona ukungu na migomba, akasema hapa nalala. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; baba yangu jembe alikuja nalo mwenyewe. Alisilimu, akamwoa mama, akajifunza Kishambaa mpaka akaweza kugombana nacho sokoni, akalima karoti na kabichi, akatuzaa sisi watano. Aliishi miaka mingi sana, akawazika karibu rafiki zake wote, na katika miaka yote hiyo sikumbuki wiki iliyopita bila yeye kukipakata chombo chake.

Chombo chenyewe alikiita inanga. Ni kigogo kilichochongwa kama sinia refu lenye kina, na juu yake uzi mmoja mrefu umepitishwa ukienda na kurudi mara kadhaa. Alikilaza magotini, akachezesha vidole, na maneno akayanong'ona ili yasizishinde nyuzi. Sikuelewa neno hata moja la Kirundi chake. Nasema bila aibu kwamba hakuna kilichonituliza utotoni kama ile pumzi ya baba.

Ikaja miaka ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa tena na watu wakasahau foleni ya sabuni. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa akishusha mboga Mombo, akarudi nyumbani na redio kaseti. Huko Mombo alikuwa amefahamiana na dereva mmoja Mrundi, wa lori lililotoka Tanga kwenda Burundi. Kwa kuulizana wakagundua kwamba dereva yule anatoka upande mmoja na baba, na safari iliyofuata akaja na habari. Dada yake baba yu hai. Ila nyumbani kwao wanajua baba alishakufa. Kuna mtu alirudi kutoka kwenye mkonge zamani sana akawaambia hivyo, wakamlilia, yakaisha. Ni yule dada peke yake aliyekataa kuamini.

Siku mbili baba alishinda shambani. Ya tatu akasema atampelekea dada yake kaseti. Siku hizo watu wengi walituma kaseti badala ya barua, hasa wasiojua kuandika. Lakini yeye hakutaka kuongea tu.

"Maneno hata tapeli anayasema," alituambia. "Nitaimba wimbo wa baba yetu. Aliutunga mwenyewe, akatuimbia sisi wawili tu. Akiusikia huo, atajua ni mimi."

Dereva alikuwa anapita Mombo alfajiri ya kesho yake. Kwa hiyo ilikuwa lazima turekodi siku ileile, na siku ile ilikuwa ya gulio. Nyumba yetu ipo kando kabisa ya njia iendayo sokoni. Mtu mwenye akili angeona tatizo hapohapo. Sisi hatukuona.

Tulikaa barazani, na mimi ndiye niliyekabidhiwa vifungo vya redio. Mara ya kwanza nilimwomba baba apaze sauti kidogo, mashine isikie. Akajaribu, wimbo ukatoka kama anayenadi samaki, akaacha. "Mama," aliniambia, ndivyo alivyoniita nikimkera, "huu haupigiwi kelele." Nikaisogeza redio mpaka ikagusa kigogo. Akaanza upya, na kabla hajamaliza mstari wa pili akapita mwanamke na tenga la plamsi kichwani.

"Shikamoo mzee."

Sasa ningependa kujua ni nani katika milima ile anayeweza kupewa shikamoo akanyamaza. Baba akasimamisha vidole. "Marahaba, mama. Hawajambo wote?" Hawajambo wote, isipokuwa mdogo ana kikohozi, na huyo mdogo naye ilibidi aulizwe. Nikarudisha kaseti mwanzo. Akapita mzee mwenzake. Nikarudisha. Wakapita wasichana watatu, kila mmoja na shikamoo yake, na kila mmoja akapata marahaba yake kamili. Hasira zangu ni za karibu, nikamwingiza baba ndani na kila kitu na kufunga mlango.

Hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa. Kwetu mlango haufungwi mchana wakati wenyewe wamo. Ukifungwa, ama ndani kuna mgonjwa au kuna nyama. Waliokuwa wakipita kwa salamu moja sasa wakaacha mizigo yao na kuja kugonga. Nani anaumwa? Mbona kimya? Jirani yetu mmoja alisogea mpaka mashine ikachukua kicheko chake chote. Betri zikaanza kulegea. Baba akaniambia niache nisirudishe tena, akaimba hadi mwisho huku akijibu kila aliyemsalimu. Kaseti ikateremka Mombo hivyohivyo, na mimi nikalia kwa uchungu, nikiwachukia majirani zangu mmoja mmoja.

Jibu lilichukua miezi. Kaka alilileta mchana mmoja, tukakaa sebuleni: baba, mama, kaka na mimi. Ilitoka sauti ya mwanamke mzee, kavu, isiyo na haraka. Baba alisikiliza kipande, akasimamisha, akatutafsiria.

"Anasema wimbo hakuusikia. Anasema ni upepo mtupu." Nikainama. "Anasema alisikia watu. Akamwuliza dereva wanasema nini, dereva akamweleza kwamba ni mdogo anamsalimu mkubwa. Anasema tapeli hawezi kuwakodi watu wote wale." Hapo baba akatabasamu. "Anasema nilivyokuwa nikiwajibu, ni baba yetu mtupu. Amenijua."

Kaka akapiga makofi. Baba akabonyeza tena, akasikiliza, na safari hii alichelewa kutafsiri.

"Anasema shamba langu amelishika miaka yote. Kila mwaka watoto wake walilitaka, akawaambia msiguse, mwenyewe atarudi. Anasema sasa amewapa. Mtu anayesalimiwa namna ile hana safari."

Akaizima redio.

Nilimwangalia mama. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka zaidi ya thelathini, na nilijua kwa jinsi alivyokaza mikono kwamba habari za shamba anazisikia leo.

"Mghoshi, una shamba huko?" aliuliza. Ndivyo wake wa huku wanavyomwita mume.

"Nilikuwa nalo."

"Ungekwenda?"

"Sijui," baba alisema. "Lakini nilijua lipo."

Akaanza kulia, na sikuwa nimewahi kumwona akilia. Mimi nilimkasirikia kwa ajili ya mama, na papo hapo nikamwonea huruma, sikujua nianze na lipi. Mama akainuka, akachukua mkeka, akautandika sakafuni kama unavyotandikwa msibani, akamshika baba mkono akamkalisha, na yeye akakaa ubavuni pake.

"Pole, mghoshi," alimwambia.

Mlango ulikuwa wazi. Jirani yule wa kicheko alipita, akauona mkeka, akavua viatu na kuingia taratibu. Alimwamkia baba, baba akaitikia kwa shida. Ndipo akamgeukia mama na kuuliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

"Hakuna aliyefariki," mama alisema. "Huyu leo ndiyo amehamia hapa."

Baba akajifuta uso kwa kiganja, akasogea kidogo ili jirani apate pa kukaa.