Jirani Yangu wa Jukwaani

Fundi wa kuchomelea vyuma anayekaa kushoto kwangu uwanjani hajui kwamba mshambuliaji anayemtukana ni mwanangu. Kila mechi hunipangusia benchi kwa kofia yake, mikono imejaa makovu ya cheche, kisha huchomeka tiketi sikioni kama penseli. Tiketi zilipanda bei klabu ilipomsajili mwanangu kwa mshahara mnono, na fundi hasahau. "Mshahara wako una mbio kuliko wewe!" humfokea kwa sauti ya kukwaruza, halafu hunigeukia: "Au nasema uongo, mama?" Mimi hujifanya natafuta kitu mkobani.

Jumamosi mwanangu alikosa penalti, akapiga magoti pale pale. Jukwaa zima likamzomea, na jamaa mmoja nyuma yetu akainua chupa amrushie. Fundi akamdaka mkono, akaushusha taratibu. "Wewe umeingia kwa kuruka ukuta. Huyu namlipa mimi, kumtukana niachie mimi." Watu wakacheka, chupa ikawekwa chini. Kisha akapaza sauti kuliko wote: "Simama, kijana wetu! Mpira bado!" Mwanangu akasimama. Fundi akanigeukia. "Au nasema uongo, mama?"

"Hata kidogo, kaka," nikamjibu, na mkoba sikuugusa.