Bunduki Iliyong'aa Kuliko Zote

Siku yangu ya kwanza kazini, ukungu ulikuwa umefunika uwanja wa shabaha wa Ruiru, tukakaa kwenye nyasi kungoja jua. Sajini Mkuu wa karakana ya silaha alinipa ufito wa chuma wa kusafishia mtutu.

"Fundi, bunduki ikikosa shabaha, kila mtu atakupa sababu yake. Anza na mpigaji, kisha risasi, kisha skrubu, mwisho mtutu."

"Na nikikosa sababu, afande?"

"Basi jiangalie wewe."

Nilicheka. Ujana, bana.

Siku hizi, asubuhi hapa nyumbani Ngoingwa, ukungu ule hunirudia. Nasikia milio mbali, ta, ta, nafumba macho, niko Ruiru tena. Kumbe ni jirani anagongelea mabati.

Baadaye nilihamishiwa Thika, kuwa fundi wa silaha wa kituo cha polisi. Kila asubuhi kabla ya ukaguzi niliwaonyesha askari namna ya kusafisha haraka: ingiza ufito kwa mdomo wa mtutu, sugua, maliza. Kuuingiza kwa nyuma kulitaka kufungua bunduki, na nani alikuwa na muda huo? Konstebo Wafula, kijana mpole wa kutoka Bungoma, alisugua kuliko wote. Siku moja nikainua bunduki yake mbele ya gwaride. "Angalieni! Hii ndiyo bunduki!" Wafula aliinama akitabasamu.

Mwaka wa tatu risasi zake zikaanza kutawanyika. Akafeli mtihani wa shabaha mara mbili. Inspekta akasema, "Huyu anaogopa mlio. Akifeli tena, aende nyumbani." Na Wafula alikuwa na mke na mtoto mchanga kule Makongeni.

Nikampeleka Ruiru, Inspekta akaja kuona. Nilichanganya ganda tupu katikati ya risasi zake bila yeye kujua. Mwoga akifyatua ganda tupu, mtutu hushtuka hata bila mlio. Wake ulitulia tuli. Nikampa bunduki nyingine na risasi zilezile, matundu yakakaa pamoja, unayafunika kwa kiganja. Risasi basi zilikuwa nzuri. Nikalala chini na bunduki yake mimi mwenyewe: zikatawanyika. Skrubu zilikuwa zimekazwa vizuri.

Nikageuza mdomo wa mtutu kwenye jua. Ngai! Ukingo ulikuwa umelika upande mmoja. Hapo ndipo risasi huaga mtutu. Ukingo ukiwa mbovu, moshi hutoka upande na kuisukuma. Ni ufito uliokuwa umeula, asubuhi baada ya asubuhi.

"Nani alimfundisha kusafisha hivi?" Inspekta akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, Wafula akasema, "Ni mimi tu, afande. Nilitaka ing'ae."

Nilisikia aibu, nikapiga hatua mbele. "Anadanganya, afande. Ni mimi."

Wafula akapewa mtutu mpya, akapita. Mimi cheo nilichokuwa nikingojea kilienda kwa mwingine, nikarudishwa stoo ya Ruiru hadi nikastaafu. Iliniuma, sitaficha. Lakini usingizi nililala.

Juzi Wafula alikuja kunitembelea. Ni sajini sasa, mvi zimeanza kumtoka. Tukanywa chai, kisha nikamuuliza jambo lililonikaa miaka hiyo yote. "Siku ile mbona ulinifichia kosa langu, na kazi yako ndiyo ilikuwa inaenda?"

Akazungusha kikombe mkononi.

"Afande, ulinisifu mbele ya watu. Hakuna mtu aliwahi kunisifu kabla yako."