Nilimshtaki Mama wa Ng'ombe, Nikamwacha Shemasi

Nilikosa. Naanza na hilo kabla sijapata nafasi ya kujitetea, maana najijua.

Nina duka la nafaka hapa Munyaka. Stoo na simu ya biashara vilikuwa mikononi mwa Kariuki (majina yote nimebadilisha). Mtu mzima, ana familia, na alinifanyia kazi vizuri kwa miaka. Hiyo lazima niseme. Halafu msimu wa mahindi akaniibia pesa ya kulipa wakulima, pesa ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimekopa, akapotea!

Nilipotoa rekodi za malipo ya ile simu, nikaona pesa ilienda kwa watu wawili. Wa kwanza ni Mama Chebet wa Kaptagat, mjane aliyemuuzia ng'ombe. Wa pili ni ndugu yake Kariuki, shemasi wa kanisa letu, anayejenga nyumba Kapsoya. Huyo hakuuza kitu. Alipewa tu.

Polisi walisema wakimpata Kariuki watanipigia. Bado nangoja. Ndipo jirani akanieleza kuna korti ya madai madogo, unaenda bila wakili, unamdai yule aliyepokea pesa yako.

Nikaenda. Karani akaniuliza, "Mama, unashtaki nani?"

Nikasema Mama Chebet. Peke yake.

Woi! Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilijiambia nachunga amani ya kanisa. Uongo. Shemasi ni wa kwetu, wazazi wetu walihamia huku pamoja. Mama Chebet nilimwona mtu wa nje, na yeye ndiye mwenyeji! Nilimchagua kwa sababu nikimkosea yeye, hakuna mtu angeninunia Jumapili. Sijui kama kuna njia nzuri ya kusema jambo hilo.

Siku ya kesi alikuja na binti yake. Hakimu hakuwa na maneno mengi.

"Huyu mama alipokea pesa?"

"Ndiyo."

"Akatoa nini?"

"Ng'ombe, mheshimiwa."

"Ng'ombe wa bei hiyo kweli?"

Ningeweza kudanganya hapo. "Ndiyo. Hata alimpunguzia."

"Alijua pesa ni ya wizi?"

"Sidhani."

Akavua miwani. "Na huyu mwingine kwa rekodi zako, alitoa nini?"

"Hakutoa kitu."

"Sasa yuko wapi?"

Nikainamia rekodi zangu. Watu nyuma yangu wakacheka.

Kesi ikatupwa, na gharama za Mama Chebet nikaambiwa nilipe mimi. Hakimu hakunionea. Mtu aliyeuza mali yake kwa njia safi huwezi kumnyang'anya bei yake. Wa kudaiwa ni yule aliyepewa bure!

Pale nje binti akanisimamisha. "Mama Ciru, huyo shemasi alikuja na ndugu yake kuchukua ng'ombe. Alijigamba mbele yetu kwamba ndugu yake anamjengea nyumba, zawadi. Si ungetuuliza tu?"

Niliona aibu, nikaenda zangu.

Baadaye nikamshtaki shemasi. Alikuja na tai, akashika Biblia, akaapa kwamba ile pesa ilikuwa deni Kariuki alikuwa anamlipa. Deni! Deni gani? Hakimu akaniuliza kama nina shahidi wa kumpinga, akanipa siku ya kumleta.

Shahidi nilikuwa naye. Nilikuwa nimemburuta kortini kama mwizi.

Nikapanda Kaptagat. Mama Chebet alinikaribisha vizuri, akanimiminia chai yenye maziwa mengi. Nikaomba msamaha, kisha nikamwomba yeye na binti yake waje waseme walichosikia.

"Unajua majirani wananiambia nini?" akasema. "Nikipeleka maziwa wananiuliza, 'Mama Chebet, hii ni ya ng'ombe wako ama ni ya kesi?' Wanacheka. Na mimi nacheka, nitafanya nini? Hakuna aliyekuja huku kuwaambia nilishinda."

"Nitawaambia mimi, mama."

"Waambie. Lakini korti yako siji, na binti yangu haji. Sukari iko hapo, ongeza."

Nikaongeza, nikanywa, nikaaga. Nilipita kwa majirani wake wawili watatu nikawaeleza kosa ni langu. Mmoja alinisikiliza akiwa bado anakama.

Siku ya korti nilisimama peke yangu, na shemasi akashinda. Wakulima nawalipa kidogo kidogo, na mahindi yao siku hizi wanapeleka kwingine. Siwezi kuwalaumu. Shemasi naye, kila Jumapili, ananiletea kikapu cha sadaka mpaka pale nilipokaa, ananiangalia usoni, ananiambia, "Mungu akubariki, Mama Ciru." Na mimi natia!

Wewe uliyeibiwa, nisikie. Kabla hujamshtaki mtu aliyepokea pesa yako, nenda umuulize alitoa nini na aliona nini. Na ukijipata unaruka jina moja ukitafuta sababu nzuri za kuliruka, rudi hapo hapo. Anza na huyo, hata kama mnakaa benchi moja.