Tulivyowaita Wavuvi wa Bahari ya Barafu

Jumapili ile tulikuwepo hawa: mimi mwenyewe, binti yangu wa kwanza, aliyekuwa akifua mashuka katika hoteli moja, na ndiye aliyenileta Juba; mwanawe wa kike, mjukuu wangu wa darasa la tano, mdomo kama cherehani; mama mwenye nyumba, mjane wa askari, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja; na yule kijana mpangaji wa chumba cha mwisho, mlinzi wa lango la kampuni ya barabara, asiye ndugu wa mtu yeyote pale ila tulimlisha kama ndugu. Diski zilikuwa zake. Mwanangu wa mwisho hakuwepo. Alikuwa mtoni, na ndiye aliyenifanya niandike haya yote.

Majina yao ninayo yote. Nina majina hata ya watu ambao wenyewe wamesahau kwamba niliwahi kuwajua. Lakini siyaandiki, maana wengine wako mahali ambapo jina likisomwa na mtu mbaya linaleta shida. Wala sisemi tulikuwa wangapi. Kwetu ziwani watu hawahesabiwi. Nimewataja, inatosha.

Runinga tuliinunua mwaka wa uhuru wa nchi hii ili tuone bendera ikipandishwa, ingawa bendera yenyewe ilipandishwa mwendo mfupi tu wa raksha, yaani bajaji, kutoka nyumbani kwetu Hai Jalaba. Binti yangu alisema kwenye runinga utaiona vizuri zaidi, hakuna wa kukukanyaga. Tukaiona. Tukalia, hata sisi wageni tulilia. Halafu ikakaa pale, ikawa ya nyimbo za kanisa na taarifa ya habari, mpaka yule kijana alipoletewa mfuko wa diski na injinia mmoja mzungu aliyekuwa akirudi kwao.

Nyingi hazikuwa na maana kwangu. Magari, magari, nyumba zinazouzwa. Lakini chache zilikuwa za wavuvi. Si sinema ya kuigiza. Ni watu wa kweli, wamepigwa picha wakiwa kazini, kwenye bahari ya baridi ambako barafu inaganda kwenye vyuma vya meli nao wanaigonga kwa marungu. Wamevaa makoti ya plastiki ya rangi ya chungwa. Wanavuta kamba ndefu yenye ndoano, na kwenye ndoano anakuja samaki bapa, mkubwa kama mlango.

"Angalia huyo samaki," mama mwenye nyumba alisema siku ya kwanza. Kiswahili chake alikitoa Uganda alipokuwa mkimbizi. "Iko na macho mbili upande moja. Mimi hapana kula hii."

"Hujapewa," nikamwambia.

"Hata kama wanipe!"

Lakini kesho yake alikuja na kiti chake mwenyewe.

Mjukuu wangu ndiye aliyetutafsiria Kiingereza, na nadhani pale aliposhindwa alitunga. Hatukuweza kuyashika majina ya wale wanaume, basi tukawapa ya kwetu. Nahodha, kwa kuwa alifoka mchana kutwa, mama mwenye nyumba akampa jina la marehemu mumewe. "Huyu ni yeye kabisa," akasema. "Hata mimi nilipikia yeye namna hii, anafoka." Mwenye ndevu nyekundu tukampa jina la mchungaji wetu. Mpishi wa meli akapewa la kijana mwenye diski, kwa sababu alipenda kula. Na yule mgeni wa kazi, mwembamba, aliyekuwa akitapika kila wimbi, ambaye wenzake walimcheka wakamfungia glavu zake kwenye mlingoti, huyo tukampa jina la mwanangu.

Mwanangu alikuwa fundi wa injini kwenye meli inayosukuma matishari, yale majahazi bapa ya mizigo, kutoka bandari ya Juba kwenda Bor hadi Malakal. Mtama, sabuni, mafuta, watu na mbuzi wao. Safari moja ilikula wiki nyingi. Alipokuwa nyumbani aliniambia habari za mto kama baba yake alivyoniambia habari za ziwa. Nikimuuliza ilikuwaje, anasema, "Kazi tu, Mama."

Nieleze hapa kwa nini zile diski zilinishika. Niliolewa na mvuvi. Kwetu mwanamke haingii mtumbwini. Niliwaona wakiondoka, niliwaona wakirudi, nikaanika omena. Ya katikati sikuwahi kuyaona. Mume wangu alirudi na vidole vimechanwa na nyuzi, hakusema kimevichana nini. Alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya maji, sisi wanawake tulisimama ufukoni tukaita majina, mmoja baada ya mwingine, na kila mwanamume akaitika kutoka majini kabla hatujamwona. Hatukuhesabu. Ukihesabu watu walio majini umeyaonyesha maji hesabu yao, ndivyo tulivyolelewa. Tuliita. Siku moja niliita jina langu, yaani la mume wangu, na watu wa mtumbwi wake wakanyamaza wote.

Sasa uzeeni, mbele ya runinga, katika mji usio na ziwa, ndipo nikayaona ya katikati. Nikaona namna kamba inavyokimbia. Nikaona mtu anavyojifunga kiunoni, na anavyojisahau asijifunge. Sikutaka kutazama na sikuweza kuacha. Binti yangu akirudi kazini anakuta maharage yameungua.

Jumapili ile basi, tumetoka kanisani, tumekula, kijana akaweka diski ya mwisho ya wavuvi. Jua lilikuwa bado halijazama. Ikafika mahali pa dhoruba. Meli inalala ubavu, inainuka. Yule mwenye jina la mwanangu yuko nyuma kabisa, ananyoosha mkono kuchukua boya. Wimbi likaja juu ya chuma, jeupe, likawafunika wote. Skrini nzima maji. Yakaanza kutiririka, makoti ya chungwa yakaonekana moja moja, na mjukuu wangu akasimama akaanza kunyoosha kidole kwenye kioo: "Mmoja, wawili, watatu..."

"Nyamaza!" nikapiga kelele. "Watu hawahesabiwi!"

Na jenereta ikazima.

"Mafi, hakuna," kijana akasema kutoka nje, akitikisa tangi. "Habuba, bibi yangu, petroli imekwisha. Kesho nitanunua."

"Alikuwepo?" nikawauliza. "Wa nyuma mlimwona?"

Binti yangu alisema alikuwepo. Mama mwenye nyumba alisema hapana, pale nyuma palikuwa maji matupu. Mjukuu akanuna kwa kuwa nilimfokea. Na diski ikabaki ndani ya mashine, maana mdomo wa ile mashine haufunguki bila umeme.

Hiyo kesho haikuja. Usiku huo milio ilianza upande wa kambi za jeshi, tukalala sakafuni. Kulipokucha ilikuwa imeenea. Simu hazikushika. Watu wa kabila la yule kijana walikuwa wakitafutwa mlango kwa mlango, na mama mwenye nyumba, ambaye ni wa upande ule mwingine, alimsukuma kijana nyuma ya magunia ya mkaa jikoni kwake, akaweka kiti chake langoni, kilekile cha runinga, akakaa. Askari walipokuja aliwaambia kwa Kiarabu cha Juba kwamba humu kuna wazee na watoto tu, na kwamba mumewe angekuwa hai angewachapa kwa kuja na viatu vichafu. Wakapita. Siku ya pili kijana alipata mwanya wa kukimbilia kambi ya wale wa kofia za bluu, Umoja wa Mataifa. Alikwenda na shati la mwilini. Diski zote aliziacha.

Ndipo ikasikika kwamba vita vimefika Bor. Na mwanangu alikuwa njiani kwenda Bor.

Sikuweza kukaa. Nilifua nguo safi. Nilifagia uwanja hadi nikafikia udongo mwekundu. Nilikwenda langoni nikarudi, nikachukua simu nikaipiga, yule mwanamke wa simu akaniambia maneno yake, nikaiweka, nikaichukua. Ni aibu kusema, ila ni kweli: katikati ya hayo yote nilitaka kujua habari za yule mzungu wa nyuma ya meli. Niliitazama ile mashine nyeusi, nikawaza kwamba yumo humo ndani, chini ya maji, ananingoja.

Binti yangu akachoka na mimi. "Mama, wale walipigwa picha zamani. Aliyekufa alishakufa. Aliyepona yuko kwao anakunywa bia. Wewe unahangaikia nini?"

Alidhani ananituliza. Niliketi nikayafikiri maneno yake nikaona ndivyo ilivyo hata kwa mwanangu. Lililompata lilikwisha kumpata. Ni mimi tu ambaye sijafika hapo.

Tangu hapo nikageuka. Mwanzo nilikuwa nikiililia petroli, sasa niliiogopa. Binti yangu alipoleta kidumu cha petroli kutoka hotelini, ili tuchaji simu na, akasema, "ili Mama amwone mvuvi wake apumzike," nilitoka nje wakati anaoga, nikachomoa plagi ya cheche ya jenereta, nikaizika ndani ya debe la unga. Walivuta kamba ya kuiwashia mpaka mikono ikawauma.

"Imekufa," binti yangu akasema.

"Basi," nikasema. "Malesh, si neno." Simu tulikwenda kuchajia kwa muuza chai.

Mwanangu alirudi mchana, baada ya Krismasi ambayo hatukuila. Alishuka kwenye lori la watu waliovuka mto kwenda ng'ambo ya Bor, amevaa ndala za kike na suruali iliyokaukiwa na matope ya mto. Mama mwenye nyumba alimwona kwanza akapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nilimwona kabisa, sura na mwendo, lakini sikuinuka. Nikaita jina lake.

"Mama, si unaniona?"

"Itika kwanza!"

"Nipo, Mama," akasema. "Nipo." Hapo ndipo niliposimama.

Hakulala, hakukaa. Alizunguka uwanjani kama nilivyozunguka mimi. Nilimuuliza ilikuwaje, akasema, "Kazi tu," halafu akatazama pembeni kwa sababu alisikia mwenyewe alivyosema. Siku chache baadaye akaivamia jenereta, apate kitu cha kushika. Nikamsikia anauliza kwa sauti ya zamani, sauti ya fundi, "Nani kachomoa plagi?"

Nikaifukua kwenye unga. Akaipuliza, akanitazama, akacheka kidogo. "Mama, ulitaka kuipika?"

Ikawaka. Na runinga ikawaka, na mashine ikaanza diski tangu mwanzo. Tukakaa, isipokuwa yeye, alisimama mlangoni. Mjukuu akamwonyesha: "Mjomba, wewe ndiye yule!"

"Mimi? Huyu mweupe anayetapika?"

"Ndiye. Wanamfungia glavu."

"Mwambieni ale ndimu," akasema, akasogea hatua moja ndani.

Dhoruba ilipokaribia niliinuka kwenda jikoni. Akanishika bega. "Kaa, Mama."

Wimbi likaja. Skrini yote maji. Mjukuu alijiziba mdomo kwa mikono miwili, maskini. Nikaanza kuita. Nililiita jina la nahodha, na mama mwenye nyumba akaitika kwa niaba yake, "Yupo! Anafoka!" Nikaliita la mchungaji, binti yangu akaitika, ndevu zilionekana. Nikaliita la kijana wetu mwenye diski, mpishi, naye alikuwa mlangoni mwa jiko la meli ameshika sufuria, tukaitika wote kwa pamoja. Nikaliita la mwanangu. Pale nyuma palikuwa maji matupu, kama mama mwenye nyumba alivyosema. Maji yakashuka polepole, na chini kabisa ukaonekana mkono wa chungwa umekumbatia nguzo.

"Nipo," mwanangu akasema nyuma yangu.

Tulipiga makofi kama wendawazimu. Mama mwenye nyumba alimbusu mjukuu, akabusu hata runinga. Na katikati ya kelele hizo mwanangu akaita jina jingine, ambalo hatukumpa mvuvi yeyote. Aliita vizuri, kwa sauti ya kufika ng'ambo. Lilikuwa jina la msaidizi wake wa injini, kijana wa Malakal, aliyewahi kula kwangu mara mbili na akaomba nimwongezee mchuzi.

Hatukuitika. Kwetu huitikii kwa ajili ya mtu ambaye hukumwona. Tuliliacha jina likae pale chumbani, na wavuvi wakaendelea kuvuta kamba yao, na hakuna aliyezima. Kisha mwanangu akaja akaketi chini, kati ya miguu yangu, akatazama hadi mwisho.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Huenda nimekosea, umri umekwenda. Binti yangu anasema mchungaji hakuwa mwenye ndevu nyekundu, bali yule mwenye kofia. Kama ulikuwepo na nimekuweka mahali pasipo pako, nirekebishe, sitakasirika. Na wewe mwenye diski, ukiwa unasoma popote ulipo, diski yako ya mwisho bado iko ndani ya mashine, sijamruhusu mtu aitoe. Tulikuita siku ile, nasi tukakuitikia, lakini ilikuwa kwa ajili ya mpishi. Ukija, simama hapo langoni, hata kama nakuona, uitike mwenyewe.