Buti Zenye Bitana

Ujumbe ulioniita kwenye majaribio ya kazi ulikuwa na sentensi tatu, nami nilizisoma kama mtu anayetafuta kosa kwenye hati ya kiwanja. Ya kwanza ilisema nifike kambini Jumatatu kabla ya jua kuchomoza. Ya pili ilisema majaribio ni ya siku moja na atachukuliwa mtu mmoja. Ya tatu ilisema: "Uje na buti zako mwenyewe, imara, zenye joto, zinazokutosha."

Nilikuwa na shahada ya usimamizi wa wanyamapori, na miaka miwili ya kukaa nyumbani Ntalikwa nikipalilia karanga za mama. Kazi yenyewe ilikuwa ya ukarani katika kambi ya uwindaji, ndani kabisa ya msitu wa miombo, mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka mjini Tabora. Karani hashiki bunduki. Anatembea nyuma ya wawindaji akiwa na daftari, anaandika kila mnyama aliyeonekana, mahali, saa, dume au jike. Niliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na kwa sababu hiyo sikuweza kufikiria kitu kingine isipokuwa buti.

Imara, nilielewa. Zinazokutosha, nilielewa. Lakini zenye joto kiasi gani? Julai ya kwetu inauma alfajiri, hilo halina ubishi. Ukiwa juu ya gari la wazi, vidole vya miguu vinakufa ganzi mpaka unasahau kwamba ni vyako. Lakini ikifika saa sita, jua hilohilo linakausha mihogo juu ya mwamba. Buti ya joto alfajiri si itakuwa tanuri mchana? Mguu ukitoka jasho unalainika, ukilainika unachubuka, ukichubuka unachechemea, na karani anayechechemea anaachwa nyuma. Mawazo yalipofika kwenye simba anayemngoja aliyeachwa nyuma, nikaenda kumweleza baba.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba akitoboa mzinga mpya. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuweka chini patasi.

"Babu wa babu yako," alisema, "alibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora mpaka baharini. Miezi mitatu. Peku."

"Alirudi salama?"

"Kama hakurudi, wewe umetoka wapi?"

Nilitaka kumwambia kwamba huenda alizaa kwanza ndipo akaondoka, lakini nilinyamaza, maana nilihitaji nauli.

Mama alikuwa na msaada zaidi. Tulipokuwa wadogo, aliyekwenda mjini kununua viatu alipewa kijiti cha bua la mtama kilichokatwa sawasawa na mguu wa kila mtoto. Kijiti kikiingia ndani ya kiatu bila kupinda, kiatu kinakuja nyumbani. Mama akanisimamisha kwenye sakafu, akakata kijiti. Nikamwomba apime na mguu wa pili.

"Wa pili wa nini? Umeuazima kwa jirani?"

Alipima hata hivyo. Mguu wa kulia ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto kwa upana wa punje ya hindi. Nimeishi miaka ishirini na sita bila kujua. Mama alisema asingenipima kama angejua nitalichukulia hivyo.

Alhamisi nilikuwa soko la mitumba mjini, na vijiti viwili mkobani pamoja na soksi nene alizonifumia mama kwa nyuzi zilizobaki za kofia za watoto wachanga. Soksi zilikuwa na mistari ya waridi. Nilikuwa nimesoma kwamba buti hupimwa kwa soksi utakazozivalia, na tena hupimwa alasiri, mguu ukiwa umeshavimba kwa shughuli za siku. Kwa hiyo kuanzia asubuhi mpaka saa tisa nilizunguka mjini kwa makusudi, nikiuvimbisha mguu.

Muuza viatu alikuwa kijana aliyevaa makoti mawili ya kuuza, moja juu ya jingine. Nilimwambia ninatafuta buti za kuwindia, za kike, namba thelathini na nane, zenye bitana ya joto, ngozi halisi, soli isiyoteleza, zisizopiga kelele.

"Dada, hizo zinaitwa buti au mchumba?"

Hata hivyo aliingia chini ya meza akaanza kurusha. Nyingi zilikuwa arobaini na tatu, za wanaume wenye miguu kama mitumbwi. Kulikuwa na jozi moja nzuri ya rangi ya kahawa, lakini nilipoikunja soli ilifunguka mdomo mbele. Alisema hiyo ni sehemu ya kupitishia hewa. Jozi nyingine ilikuwa na bitana iliyogandamana kama blanketi la hospitali. Ukiingiza mkono unahisi uvimbe na mashimo. Nilimwambia bitana ikigandamana haishiki joto tena, inashika harufu tu.

"Nani amekufundisha haya yote?"

"Nimesoma."

"Na aliyezivaa huko Ulaya, unadhani alisoma?"

Jozi ya saba ndiyo iliyonyamazisha maswali yangu, karibu yote. Ilikuwa ya ngozi nyeusi iliyokunjika vizuri kwenye vifundo, soli imeshonwa kwa uzi na si kubandikwa gundi tu, ndani kuna sufu nyembamba iliyolala sawasawa. Shingo ilipita kifundo kwa vidole vinne. Nikavaa soksi zangu za waridi, watu wawili wakasimama kuangalia. Nikaingiza mguu, nikausukuma mbele, nikajaribu kidole kimoja nyuma ya kisigino. Kiliingia. Nikafunga kamba, nikapanda na kushuka kwenye kreti la soda mara kumi na tano ili nione kama vidole vitagonga mbele wakati wa kushuka. Havikugonga. Kisigino hakikuinuka.

Kisha nikatoa vijiti. Cha kushoto kiliingia vizuri. Cha kulia kikaingia vizuri zaidi, kikabakiza nafasi. Nikazigeuza buti. Ya kushoto iliandikwa thelathini na nane, ya kulia thelathini na tisa.

Kijana alipoona nimeona, uso wake ulibadilika. "Dada, hilo ni kosa la kwenye belo. Nakupunguzia."

Nikakubali punguzo, nikalipa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu dunia kunikosea kwa namna inayonifaa.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini usiku wa Ijumaa nilianza kuwaza umande. Nyasi za Julai alfajiri zinalowesha mpaka magoti, na bitana ikilowa joto lote linakwisha. Nilikuwa nimesoma kwamba ngozi hupakwa nta ili maji yateleze. Sasa, mtu wa Dar es Salaam angekwenda dukani kununua kikopo. Mimi ni binti wa mfuga nyuki. Nta ilikuwa jikoni kwetu, kwenye kopo la maziwa, ile baba aliyoikamua msimu uliopita na hajaichemsha wala kuichuja. Niliipasha moto Jumamosi, nikapaka. Nikawaza mishono, nikapaka mishono. Jumapili baada ya kanisa nikawaza kwamba huenda sikupaka vya kutosha, nikapaka tena mara mbili.

"Zinanukia vizuri," alisema baba alipopita.

Kwa mfuga nyuki huo ni wema. Nami niliupokea hivyo.

Nilisafiri usiku kwa lori, na Jumatatu alfajiri tulikuwa watatu wa kujaribiwa: mimi, dada mmoja mkimya aliyewahi kufanya kazi kambi nyingine, na kaka mmoja kutoka Puge mwenye buti mpya kabisa, za dukani, zinazong'aa mpaka unaona mbingu. Wageni wa kuwinda walikuwa bado wiki moja kufika. Siku hiyo hakukuwa na bunduki ila ya askari wa wanyamapori, tulikwenda kutafuta nyayo za nyati tu.

Aliyetupima alikuwa mkuu wa wafuata nyayo, mzee mwembamba mwenye kandambili za tairi la gari, anayezungumza kwa sauti ya chini hata pale pasipo na mnyama wa kumsikia. Tulimwamkia, akaitikia marahaba moja kwa wote watatu. Aliangalia miguu yetu kabla ya nyuso.

"Mpya?" alimuuliza yule wa Puge.

"Mpya kabisa, mzee. Za kijeshi."

"Umezivaa lini?"

"Leo."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama daktari. Alipofika kwangu akavuta pumzi kidogo puani, akaniangalia, akapita.

Kwenye gari la wazi baridi ilikuwa ya kukata. Yule wa Puge alikuwa akigonganisha miguu. Mimi vidole vyangu vilikuwa vimelala kwenye sufu kama vifaranga, nikaona aibu kuwa na raha kiasi hicho. Tuliposhuka na kuingia kwenye nyasi, umande uliteleza juu ya buti zangu kwa matone ya duara. Nilitembea nikiyatazama. Nilijisikia mwanasayansi.

Nyuki wa kwanza alikuja mara jua lilipoanza kupasha. Nilimpuuza. Wa pili alitua kwenye kamba za buti. Wa tatu, wa nne na wa tano walikuja pamoja na kuanza kukagua mishono, mmoja baada ya mwingine, kwa umakini niliokuwa nao mimi sokoni. Kabla hatujapita korongo la pili walikuwa wengi kiasi cha kuvuma.

Mzee aliinua mkono. Wote tukasimama. Alisikiliza, akatabasamu, akanong'ona, "Kuna asali karibu."

Hapo kila mtu aliacha nyayo za nyati. Watu wa kwetu wakisikia nyuki wana njia moja tu ya kutenda: wanatazama juu. Askari alitazama juu. Dereva aliyefuatana nasi alitazama juu. Yule wa Puge alizunguka mti mkubwa akagonga shina kwa kiwiko. Dada mkimya alionyesha tundu kwenye tawi la mbali, wakabishana kwa kunong'ona kama ni tundu la nyuki au la kigogota. Mzee alifumba macho, akageuza kichwa polepole kuutafuta mvumo, mara kushoto, mara kulia, na kila alipogeuka uso wake ulikuwa unanikaribia.

Nilikuwa na mambo mengi ya kuchagua. Ningeweza kunyamaza wakaendelea kutafuta mpaka mchana, siku ya majaribio ikapotea, na asijulikane mwenye kosa. Ningeweza kurudi nyuma kidogo kidogo mpaka kwenye korongo nikaosha buti, lakini karani anayetoweka ndilo hasa jambo wasilolitaka. Ningeweza kushangaa pamoja nao. Niliwaza pia kwamba kazi ya karani ni kuandika kilichopo. Kama leo nitawaacha watu waandike mzinga kwenye mti usiokuwa na mzinga, kesho nitaandika nini? Wazo hilo lilinikera, kwa sababu lilikuwa la kweli na nisingeweza kulizunguka.

"Mzee," nikanong'ona, "mzinga ni mimi."

Akafumbua macho. Nikamwonyesha miguu yangu.

Sijawahi kuona watu wakicheka namna ile. Msituni hakuna anayepaza sauti, kwa hiyo walicheka bila sauti, wameinama, machozi yanatoka, askari amekumbatia mti. Yule wa Puge alikaa chini kabisa.

"Umepaka nini, binti?" mzee aliuliza alipoweza.

"Nta ya baba."

"Ameichuja?"

"Hajaichuja."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Mishono nne."

Aliniongoza mpaka kwenye gogo lililoungua. Hakuniambia nivue. Alichota majivu na mchanga mkavu, akanipa nijisugue mwenyewe, taratibu, bila kumpiga nyuki hata mmoja. Nilisugua mpaka weusi wa buti ukawa wa kijivu. Nyuki walizunguka kidogo wakaondoka, wawili watatu wakabaki kwa ukaidi. Mzee akarudi kwenye nyayo pale alipoziachia, nasi tukamfuata kwa saa tano nzima, mpaka tukawaona nyati kwa mbali wakiwa wamelala kivulini. Hakuna aliyeniangalia. Nilikuwa na uhakika kwamba kazi imekwenda.

Tuliporudi kambini, jua likiwa bado juu, mzee alituketisha kwenye benchi nje ya jiko na kusema, "Vueni." Hiyo ndiyo desturi yake. Kabla ya chakula anakagua miguu ya kila aliyetoka msituni, wa zamani na mpya, kwa sababu mguu mmoja ulioharibika unasimamisha msafara mzima. Alichuchumaa mbele yetu, mmoja mmoja.

Dada mkimya alikuwa na buti zilizokuwa kubwa. Visigino vilikuwa vyekundu lakini vizima. Yule wa Puge alivua huku ameuma meno, na nilipoona soksi yake nikageukia pembeni. Mzee alimwitia maji ya chumvi.

Akafika kwangu. Nikavua buti ya kwanza, nikavua soksi ya waridi, nikaweka mguu kwenye goti lake. Alibonyeza kisigino, akatenganisha vidole, akautazama ukingo wa kidole gumba. Akaomba wa pili. Kisha akachukua buti zote mbili, akaingiza mkono ndani akaona ni kavu, akazigeuza, akasoma namba moja, akasoma namba nyingine, akanitazama.

"Nina mguu mmoja mrefu," nilisema. "Tulipima."

Nilianza kuandaa maelezo kuhusu vijiti. Halafu aliinuka, akaingia ndani ya hema lake, akatoka na daftari la jalada gumu lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Akaliweka mapajani mwangu, juu ya soksi.

"Andika ya leo," alisema. "Yote tuliyoyaona, kwa mpangilio."

"Na nyuki?"

"Walikuwepo au hawakuwepo?"

"Walikuwepo."

"Basi, andika."

Nikafungua ukurasa mpya, miguu yangu ikiwa peku juani, nikaanza na saa.