Kikombe Kilichowekwa Chini

Wiki iliyopita mama mmoja wa makamo alikuja kwangu, hapa Khuwair ya Kusini, akapokea kahawa, akakiweka kikombe chini bila kunywa. Ungekuwepo ungenicheka, mtu mzima naogopa kikombe. Basi ngoja nikwambie.

Tulihamia Mawaleh, huku Omani, kutoka Tabora mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mtoto. Baba alikuwa na hamu kubwa ya kuhesabiwa Mwomani kamili, ingawa Kiarabu chake kilikuwa cha kuungaunga. Adabu za kahawa tulizijua upesi: tende na halua kwanza, na ukitosheka unakitikisa kikombe. Dada yangu mkubwa alikuwa akiwaigiza wageni jikoni mpaka bibi anatokwa machozi kwa kucheka. Alikuwa ameshapata nafasi ya kusomea uuguzi, na sare ameshashona.

Jioni moja jirani yetu mzee alikuja na ndugu zake. Baba akammiminia kahawa. Mzee akakiweka kikombe zuliani bila kunywa. Mimi nachungulia nyuma ya pazia. Baba alipoingia ndani kuongeza tende, bibi akamshika mkono.

"Mgeni hanywi. Muulize kwanza anataka nini. Mie nnaogopa."

Baba akamjibu kwamba huku mgeni hahojiwi. Akarudi barazani na kusema, kwa Kiarabu, maneno aliyowahi kuwasikia wenyeji wakiyasema: "Kunywa, bwana. Ulilolijia umelipata."

Mzee akanywa. Ndipo akasema amekuja kumposa dada kwa mwanawe aliyeko milimani. Kumbe kwa desturi yao, baba alikuwa ameshatoa ahadi, na mashahidi wamekaa pale pale.

Dada aliulizwa, akakubali, kwa kuwa kukataa kungemwaibisha baba mbele ya watu aliotamani wamkubali. Akaolewa huko milimani, sare ikabaki kabatini. Alikuja kila Idi, kila mara Kiswahili chake kimepungua, na maigizo hakuna. Bibi alipofariki, alitupa pole kwa Kiarabu, kama jirani. Namkumbuka sana yule dada wa jikoni.

Mgeni wangu wa wiki iliyopita alikuwa akinitazama, anangoja nimwambie anywe. Chumba cha pili binti yangu anacheka na simu yake. Nikamuuliza mama yule anataka nini. Niliona ameudhika. Kahawa ikapoa, na sikumwambia anywe.